Mama Mkwe Alipiga Hodi Mara Tatu

Leo mama mkwe wangu ameniona nikiwa na boksa na sufuria.

Boksa chini, sufuria kichwani. Katikati hakuna kitu. Nimeamua niwaambie mwenyewe kabla hamjaipata kwa Mama Brayo, jirani yetu, kwa sababu alikuwepo, na Mama Brayo hana dogo. (Hapa ninapoandika namwona dirishani akimwelezea mtu wa tatu. Mikono yake imeshafika kwa sufuria.)

Wale marafiki zangu ambao kwenu mama mkwe ni mtu wa kukumbatiana na kupiga selfi, labda hamtaelewa uzito wake. Kwetu Bungoma, mkwe ni mkwe. Huu ni mwaka wa tatu tangu nioe na sijawahi kumpa mama yake Nelima mkono. Hatukai pamoja. Hatuli pamoja. Nikimwona anakuja kwa njia, naingia shamba la mtu mpaka apite. Kuna siku kwao Bumula nilisimama katikati ya miwa robo saa nzima kwa sababu yeye alikuwa amesimama njiani anasalimiana na mtu. Hata tukiwa na neno la kuambiana, halitoki kwangu likaenda kwake moja kwa moja. Linapitia kwa mtu. Hiyo heshima nimeilinda miaka mitatu, na niliilinda vizuri, bana. Leo imeisha kwa dakika moja.

Lakini wacha nianze mwanzo. Mwanzo wake hauchekeshi.

Mtoto wetu anaitwa Nekesa. Alizaliwa wakati wa mavuno, sasa ana miezi mitano na nusu. Ni wa kwanza, na mnajua vile watu huwa na mtoto wa kwanza. Nelima alipopewa kile kijitabu cha kliniki alikisoma kuliko alivyowahi kusoma kitabu chochote shuleni. Mwezi huu atatabasamu. Mwezi huu atakaza shingo. Mwezi huu atashika kitu. Kila Nekesa akifanya jambo, tunaitana. Siku aliyokaza shingo nilikuwa kazini, nikaona simu inawaka, nikaenda kando, nikasikia Nelima analia. Nikajua ni msiba. Nikazima mashine watu wakiwa kwa foleni na mahindi yao.

"Baba Nekesa, ameinua kichwa!"

Nikatangazia foleni. Foleni ikapiga makofi. Mzee mmoja aliuliza ni kichwa cha nani, tukamweleza, naye akapiga makofi.

Kazi yangu ni kusaga unga. Niko kwa posho mill moja hapa Kitale, karibu na Kipsongo, mwaka wa saba huu. Mashine yetu ni ya dizeli. Ikiwaka, watu wanaongea kwa mikono. Mimi mwenyewe nimezoea kupiga kelele hata nikiwa nyumbani, Nelima ananiambia nishushe sauti, nashusha, baada ya dakika mbili imepanda tena. (Hilo la sauti yangu mliweke mahali. Litarudi.)

Wiki tatu zilizopita Nelima alikuja kuniletea chakula akiwa amembeba Nekesa kifuani. Mashine ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, na siku hiyo ikaamka vibaya, ikapiga mlio mmoja kama tairi la lori limepasuka. Watu waliruka. Kuku wa mtu aliingia chini ya gunia. Mama mmoja aliita jina la Yesu mara mbili. Nekesa alikuwa anaangalia vidole vyake. Hakupepesa macho.

"Haki huyu mtoto wenu ni mtulivu," yule mama akasema.

Nikacheka. Nilifurahi kabisa, ati mtoto wangu ni jasiri. Nikamwangalia Nelima tucheke pamoja, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anamwangalia Nekesa.

Jioni, tukila, akaniuliza, "Baba Nekesa, hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona nikaamua nisione.

Kuanzia hiyo siku tukaanza kuchunguza, kila mtu kivyake, kama wezi. Nelima akiangusha kijiko, najua hakijamponyoka. Mimi nikikohoa nyuma ya mtoto, Nelima anajua sina kikohozi. Nekesa wakati mwingine aligeuka, wakati mwingine hakugeuka. Akigeuka tunasema ni kivuli ameona. Asipogeuka hatusemi kitu. Na kicheko pia hakikuja. Alikuwa anatabasamu, tena sana, lakini kimya. Rafiki za Nelima kwa simu kila siku wanatuma: wangu anacheka mpaka anakwama pumzi, wangu anasema baba, wangu akiitwa jina anaitika. Nelima akaacha kufungua hizo jumbe.

Sasa niwaambie kitu ambacho wengi wenu hamjui. Nina dada ananifuata, anaitwa Nasimiyu. Hasikii, tangu kuzaliwa. Nyumbani hawakujua mpaka alipokaribia miaka minne. Walisema ni mkaidi, na alichapwa kwa ukaidi. Walipokuja kujua, hakuna mtu aliyejisumbua kujifunza kuongea naye. Ukitaka kumwita, ulikuwa unamrushia kijiwe kidogo mgongoni, anageuka. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ilikuwa ndiyo njia. Nyanya alirusha. Wageni walirusha. Mimi nilirusha, na nilikuwa na shabaha.

Nasimiyu leo ana watoto wawili, anakaa Cheptais, analima vitunguu na kuviuza sokoni, na kwa biashara ananishinda mbali. Lakini mpaka leo, mtu akipita nyuma yake ghafla, anakunja mabega. Hicho ndicho nilikuwa naona kila nikimwangalia Nekesa. Sikuwa naogopa mtoto asiyesikia. Nilikuwa naogopa vijiwe.

Jumatano tulienda kliniki. Baada ya kilo kupimwa, Nelima akajikaza akamwambia nesi. Nesi alikuwa mpole. Akachukua kopo lenye maharagwe, akalitikisa nyuma ya sikio la kulia. Nekesa alikuwa anaangalia taa. Akalitikisa nyuma ya sikio la kushoto. Nekesa akaendelea na taa yake.

"Msiogope," nesi akasema. "Wengine huchelewa, na wengine wamechoka tu na kliniki. Lakini Jumatatu kuna mtaalamu wa masikio atakuwa hapa. Mleteni."

Tulitoka pale. Nelima alibeba mtoto, mimi nikabeba kijitabu. Tangu hiyo Jumatano Nelima aliacha kumwimbia. Alikuwa anamwimbia kila akimwogesha, wimbo wake mwenyewe wa ovyo tu, wa sabuni na maji. Akaacha. Hilo liliniuma kuliko kopo.

Sasa leo, Jumamosi.

Asubuhi mkanda wa mashine ukakatika. Mwenye mashine akaenda kutafuta mwingine, tukafunga, nikafika nyumbani saa nne. Nelima alikuwa amevaa vizuri, yuko mlangoni.

"Natoka kidogo, kuna mtu nakutana naye steji ya matatu. Nekesa amekula, nepi nimebadilisha."

"Mtu gani?"

"Nitakuambia nikirudi."

Sikuuliza tena. (Alikuwa amempigia mamake tangu Jumatano akilia, na mamake akasema anakuja kumwona mjukuu. Hakuniambia kwa sababu alijua ningehama hiyo nyumba mpaka mama aondoke. Na kweli ningehama.)

Tukabaki wawili, mimi na Nekesa.

Chumba chetu ni kimoja, tumekigawanya kwa pazia. Huku kuna viti na jiko, kule kuna kitanda. Leo pazia nilikuwa nimelifungua nusu, na mlango uko wazi kwa sababu ya moshi. Mtu akisimama mlangoni anaona kichwa cha kitanda vizuri. Upande wa miguu haoni, umefichwa na pazia. Tafadhali mkumbuke hilo pazia.

Nilimkalisha Nekesa kwa mito, upande wa kichwa. Nikapita nyuma yake. Nikaita jina lake pole pole. Hakuna. Nikaita kwa sauti. Anaangalia mguu wake. Nikachukua funguo, nikazitikisa. Mguu. Nikawika kama jogoo. (Ndiyo, niliwika. Na wewe subiri upate mtoto.) Mguu tu. Ni mguu mzuri, sikatai, lakini si wa kuangaliwa hivyo.

Nikamchukua nimweke mapajani nijaribu kwa karibu. Ile nepi Nelima aliyosema amebadilisha, hakuwa ameifunga sana. Nikahisi joto. Nikaangalia chini. Suruali yote, kuanzia mfukoni mpaka gotini. Suruali yangu nyingine ilikuwa nje kwa kamba, na mvua ndiyo hiyo ilikuwa inaanza. Nikaivua hiyo, nikajifunga leso ya Nelima kiunoni. Shati nalo lilikuwa limelowa upande, nikalitoa pia.

Boksa niliyokuwa nayo ndani sitaielezea. Nitasema tu imekuwa nami tangu kabla ya ndoa, na mpira wake ulistaafu kitambo.

Nikasimama pale nikimwangalia mtoto wangu. Ananiangalia, anatabasamu, kimya. Nikaona sitaki kungoja Jumatatu, sitaki kopo la mtu, nataka anisikie mimi. Hapo haikuwa kumpima tena. Ilikuwa kumwomba.

Nilikuwa nimegundua Nekesa anapenda vitu vinavyong'aa. Basi nikachukua ile sufuria ya uji, inang'aa vizuri, nikaivaa kichwani aione. Ilinishika vizuri, ikafunika na masikio. (Ndani kulikuwa na uji umebaki. Sikuwa nimechungulia. Ulianza kunishuka shingoni nikaupuuza.) Nikachukua mwiko. Nikasimama upande wa miguu ya kitanda, nikaanza kujipiga sufuria kichwani, nikicheza kamabeka.

Wasioijua kamabeka, ni ngoma yetu ya mabega. Kiuno kinatulia, mabega ndiyo yanafanya kazi. Nikacheza kama harusi ni yangu. Na nikatunga wimbo hapo hapo: "Nekesa, baba yuko hapa! Nekesa, baba anakuita! Geuka hata kidogo!" Ndani ya ile sufuria ilikuwa kama nimeingiza kichwa kwenye mashine. Sisikii mvua, sisikii simu, sisikii wimbo wangu mwenyewe.

Nekesa akageuka.

Nawaapia, aligeuza kichwa. Lakini hakugeukia kwangu. Aligeukia upande wa mlango, macho yamemtoka. Nikafikiria labda mlio unagonga ukuta wa kule unarudi. Nikaongeza mwiko. Akanirudia, akaniangalia kidogo, halafu akageuka tena mlangoni, haraka, kama mtu aliyeitwa.

Nikaanza kulia. Nalia na nacheza. Leso ikafunguka, ikaanguka. Nikaiona ikianguka, nikasema wacha iende, nani ananiona? Nikaongeza mabega. Akageuka mara ya tatu, na safari hii akabaki huko huko, akatabasamu, akainua mkono.

Nikafuata macho yake. Pazia lilikuwa limesogezwa.

Mama mkwe. Amesimama na kikapu kichwani, kuku kwapani, viatu vina matope ya Bumula mpaka Kitale. Nyuma yake Mama Brayo. Nyuma ya Mama Brayo, wamama wawili wa ploti, wapangaji wenzetu ambao hata sijui majina yao.

Mwiko ukabaki hewani.

"Mayi wee!" Mama mkwe akatupa kitambaa cha kichwa usoni, akageuka, kikapu kikaanguka, ndizi zikatawanyika, kuku akapata uhuru. Mama Brayo hakugeuka. Mama Brayo alisogea karibu.

Nikachuchumaa nyuma ya kitanda. Nikatafuta leso, kuku ameikalia. Nikavuta sufuria nitoe kichwa, imekwama kwa masikio. Navuta, haitoki. Uji unaingia jicho. Hapo nilitamani sana ile miwa ya Bumula.

Halafu nikamwona Nekesa. Tumbo lake lilikuwa linaruka. Mdomo wazi, ufizi wote nje, mabega yanapanda na kushuka. Niliona kabla ya kusikia. Nikafikiria amepaliwa. Nikashika sufuria kwa mikono miwili nikaivuta kwa nguvu zote, sijali masikio, na ikatoka.

Alikuwa anacheka.

Kicheko cha sauti! Kizima! Cha kutoka chini kabisa, kinakatika, kinaanza tena, na kila nikisogeza ile sufuria anaanza upya. Miezi mitano na nusu nimekingoja hicho kicheko. Watu wote mle ndani walinyamaza. Hata kuku alinyamaza.

Nelima akaingia mbio, amelowa chapachapa. Alikuwa amemkosa mamake steji, kumbe mama alishuka mbele kidogo akachukua bodaboda, akafika akauliza ploti, Mama Brayo akamleta. Nelima amenipigia simu mara saba anionye. Saba! Akasimama mlangoni, akaona ndizi, akaona mamake ameangalia ukuta, akaona mumewe. Na hakuuliza hata moja ya hayo.

"Nani anacheka?" akauliza. "Ni nani huyo anacheka?"

"Ni Nekesa," nikasema. "Ananicheka mimi."

Nelima akakaa chini pale pale, kwenye ndizi, akalia.

Mama mkwe akatoka mpaka kibarazani, akasimama mgongo umetuelekea. Kuongea na mimi haiwezekani. Kuongea kupitia kwa Nelima, Nelima analia. Basi akatumia mtu aliyekuwa karibu.

"Nekesa," akaita.

Nekesa akageuka.

"Nekesa, mwambie babako avae suruali."

Nekesa hakusema kitu. Na mimi nikajibu kwa njia hiyo hiyo, ningefanya nini?

"Nekesa, mwambie Kukhu, nyanya yako, suruali iko kwa kamba, inanyeshewa."

"Mwambie basi ajifunge leso."

"Mwambie Kukhu imekaliwa na kuku."

Mama Brayo akamfukuza kuku, akanirushia leso. (Hakufumba macho wakati wote huo. Nimemsamehe.)

"Sasa mwambie babako asikize vizuri," mama mkwe akaendelea, sauti yake si ya juu, ya kawaida tu, na mvua inanyesha. Ilinibidi nisogee karibu na mlango ndio nimpate. "Mimi sikuingia nyumba ya mkwe bila adabu. Nimepiga hodi tatu. Ya kwanza nikiwa huko nje kwa mfereji. Ya pili hapa kibarazani. Ya tatu mlangoni. Mlango uko wazi, tangu kwa mfereji naona mtoto kitandani, nikafikiria yuko peke yake na redio. Kila nikipiga hodi, huyu mtoto anageuka ananitafuta. Mara zote tatu. Katika nyumba hii, Nekesa, ni wewe pekee umenisikia."

Sikuelewa haraka. Halafu nikahesabu. Mlangoni mara ya kwanza. Mlangoni mara ya pili. Mlangoni mara ya tatu.

Nikakaa kando ya Nelima, kwenye ndizi zilizobaki.

Nelima akafuta macho, akasema hapana, anataka kuona mwenyewe. Mamake akazunguka nyuma ya nyumba, hatumwoni, akaita kupitia dirishani. Jina tu, pole pole. Nekesa akageukia dirisha. Akarudi mlangoni, akaita. Nekesa akageukia mlango. Mama Brayo akataka kujaribu kwa mwiko, tukamkataza.

"Lakini Mama, mashine ilipasuka karibu naye hakushtuka!" Nelima akasema. "Na kopo la nesi?"

"Wewe ulipokuwa na mimba yake, chakula cha bwanako ulikuwa unapeleka wapi?"

"Kwa mashine," Nelima akasema. Miezi tisa yote alikuwa anakuja pale. Anakaa kwa gunia, ananingoja nimalize kula, mashine inanguruma hatua tano kutoka kwa tumbo lake.

"Basi," mama mkwe akasema. "Hiyo kelele amezaliwa akiijua. Ni kitu ya kwao, ashtuke ya nini? Na hii mambo ya makopo na sufuria, mtoto si ng'ombe. Aitwe na mdomo. Tangu lini hamjamwimbia?"

Tulijua ni tangu Jumatano, na kabla ya hapo tulikuwa tunamwita kama askari wanaopekua nyumba.

"Jumatatu mpelekeni hata hivyo, mtaalamu amwone, mtulie," akasema. "Na Nekesa, mwambie mamako amwandikishe na babako. Mimi nimepiga hodi nje, jirani wa nyumba ya nne amenisikia. Babako yuko ndani hajanisikia. Simu imelia mara saba hajaisikia. Na anaongea na mimi hapa kama niko Webuye."

Mama Brayo akaunga mkono. Kumbe ploti nzima inajua mambo yetu yote kwa sababu ya sauti yangu. Kumbe ile wiki niliyokuwa nanong'ona na Nelima kuhusu masikio ya mtoto, wamama walikuwa wananisikia wakiwa kwa kamba ya nguo, na wamekuwa wakiniombea. Ndio maana walimfuata mama mkwe mpaka ndani. Walitaka kuona kama maombi yamejibiwa.

Kwa hiyo Jumatatu tunaenda wawili. Miaka saba nimekaa kando ya hiyo mashine bila kuziba masikio hata kwa pamba, nikimwogopea mtoto, na asiyesikia ni mimi.

Nilipopata suruali, imelowa hivyo hivyo, nilisimama nyuma ya pazia nikasema lile nililopaswa kusema. "Nekesa, mwambie Kukhu baba ameomba msamaha. Ameona kile mkwe hafai kuona. Mwambie wazee wakae, lolote watakalosema nitafanya."

Mama mkwe akajibu kutoka kibarazani.

"Nekesa, mwambie babako hakuna haja ya wazee. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa naangalia mjukuu wangu."

"Lakini mimi niliona!" Mama Brayo akasema.

Sasa ni alasiri. Mama mkwe amelala kidogo kwa Mama Brayo, kwangu hawezi lala. Nelima anamwogesha Nekesa, na ule wimbo wa sabuni umerudi, ananiambia. Mimi nikiwa huku kwa kiti siusikii vizuri, lakini naona midomo yake.

Nimemwandikia Nasimiyu ujumbe. Niliandika, "Nekesa anasikia." Nikautuma, halafu nikauangalia, na nikaona aibu kuliko ile ya boksa. Ni nani anamwandikia dada yake kitu kama hicho, kama anatangaza amenusurika? Nikaongeza haraka: nilikuwa naogopa, nilikuwa nakumbuka vijiwe, na vile nilivyorusha mimi sijawahi kukuomba msamaha. Naomba leo.

Halafu akajibu: "Nilijua vyako. Vyako vilikuwa vidogo." Baadaye kidogo akaongeza: "Nimefurahi anasikia. Lakini hata asingesikia, angekuwa na shangazi."

Nimeusoma huo ujumbe mara nyingi. Nimeupeleka kwa Nelima akausoma mikono yake ikiwa na povu. Halafu Nasimiyu akauliza kama ni kweli nilikuwa na sufuria kichwani. Sijui amejuaje, ako Cheptais! Mama Brayo ana nguvu.

Basi nawaomba, msinicheke. Kuna mtu mmoja tu niliyekuwa nangoja anicheke, na ameshanicheka.